Mashavu ya Etau ya Papa

Sisi tuliokulia Katindo, hapa Goma, kabla simu haijaingia katika kila mfuko, tuliamshwa na tarumbeta ya kambi ya askari, na baada yake ndipo majogoo walijaribu bahati yao. Kisha zilifuata sauti nyingine: mama wa jirani akivunja makala ya jiko, redio ikitafuta stesheni, chukudu za kwanza, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikishuka na mizigo yao, magurudumu ya mbao yakinguruma juu ya mawe ya volkano. Nyumbani kwetu kulikuwa na sauti moja zaidi, na kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yenyewe. Ilikuwa sauti ya Papa, baba yetu, akizungusha mkono wa etau.

Najua kwingine Waswahili wanaiita jiliwa. Goma ukisema jiliwa watu watadhani ni kijiji fulani huko Masisi. Kwetu ni etau, kile chombo kizito kinachofungwa kwenye meza ya fundi, chenye taya mbili za chuma. Unaweka kitu katikati, unazungusha mkono, taya zinakutana na kukibana mpaka hakiwezi kutikisika. Ya Papa ilitoka Butembo juu ya lori moja na Mama, imelazwa katikati ya magunia ya maharage, na Mama alipenda kusema kwamba siku ile etau ilipewa nafasi nzuri kuliko yeye bibi harusi. Taya zake zilikuwa na meno madogo yaliyokatwa mshazari ili chuma kisiteleze. Kila kitu kilichopita mikononi mwa Papa kilitoka na alama za meno hayo: majembe, mapanga, pedali za baiskeli, bawaba za milango. Watu walizizoea. Ukiona jembe lenye alama za kuumwa ulijua limepita kwa Papa Kambale, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu jembe halina haya.

Karakana ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa nyumba. Mimi nilikuwa na kiti changu humo, pipa dogo la rangi lililopinduliwa na kuwekwa gunia juu, karibu na mlango ambapo jua la asubuhi linaingia. Nilikaa pale kuliko watoto wengine kwa sababu mguu wangu wa kuume ulipooza kwa polio nilipokuwa bado nabebwa mgongoni. Nilitembea kwa chuma cha mguu. Kilikuwa na fito mbili za alumini, moja kila upande, kuanzia pajani hadi kwenye kiatu, mikanda ya ngozi, na kifungo kidogo kwenye goti cha kuufanya mguu usikunjike ninaposimama. Shuleni waliniita Kahindo Reli. Sikuchukia. Mtoto asiye na jina la utani zama zile alikuwa kama mtoto asiyejulikana.

Na tulicheza! Watoto wa leo wanacheza kwa vidole gumba, wameinama kama wanaotafuta sindano iliyoanguka. Sisi tulishuka mteremko wa kanisa juu ya chukudu ndogo tulizochonga wenyewe, tukaanguka, tukajipaka mate kwenye magoti na kupanda tena. Tulirudi nyumbani weusi kwa vumbi la volkano, tukanusa kutoka mbali kama ni dagaa wa sambaza wa kukaanga au ni sombe ya majani ya mhogo, na Mama alisimama mlangoni na beseni la maji: "Hakuna mutu anaingia humu na ule uchafu. Hata kama ni askofu."

Lakini mchezo uliokuwa mchezo hasa kwa sisi wasichana ulikuwa nzango. Wawili wanasimama wakitazamana, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na mwisho wa mruko kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Mmoja anashinda miguu ikifanana, mwingine anashinda ikipishana. Wengine wote wanaizunguka wakiimba mpaka koo zinakauka. Mimi niliruka kwa mguu wa kushoto na kutupa ule wa chuma, kila mara ule wa chuma, kwa hiyo kila mtu alijua nitatupa upi. Rafiki yangu Furaha, ambaye watu wao walitoka Rutshuru na aliyekaa nami dawati moja, alinishinda hata akiwa amefumba macho. Siku moja nilimwambia, "Nikisimama juu ya chuma nikatupa wa kushoto, hutajua tena." Alinitazama mguu, akanitazama uso. "Basi simama," akasema.

Nikaanza kujifunza nyuma ya nyumba, nikishika ukuta. Wakati huo chuma changu kilikuwa kimeshapinda kidogo, maana niliteleza juu ya jiwe moja la njiani nikaangukia upande. Papa alikivua, akaweka ufito uliopinda kwenye etau, akaubana sawasawa na kuunyoosha kwa nyundo kama alivyonyoosha kila kitu. Ukatoka umenyooka na una alama za meno pande zote mbili, juu kidogo ya goti. Hakuna aliyezifikiria. Ungezifikiria kwa nini? Nyumba nzima ilikuwa na alama hizo.

Ufito ule ulikatika kwenye uwanja wa shule, wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimesimama mbele ya Furaha, wimbo umefika pale pa kuruka, nikaruka, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu nikashukia mguu wa chuma na kutupa wa kushoto. Nilisikia kelele za furaha kwanza. Kisha nikasikia tak, sauti ndogo kama kijiti kikavu, na nikajikuta chini natazama mawingu. Ufito wa nje ulikuwa umevunjika vipande viwili. Ule wa ndani ulikuwa umepinda.

Furaha na wengine walijaribu kunibeba wakashindwa kwa kicheko na kwa kilio, vyote viwili pamoja. Kijana mmoja alikuwa anapita barabarani na chukudu yake iliyojaa kabichi kutoka Kibumba. Aliegesha, akaja, akaniinua bila kuuliza mengi na kuniketisha juu ya kabichi. "Vichwa visivunjike," akasema, sikujua ananiambia mimi au anawaambia wale waliokimbia kando yetu. Hivyo ndivyo nilivyofika nyumbani, juu ya mlima wa kabichi, darasa zima likisukuma kutoka nyuma, na chuma changu kilichovunjika kikiwa mikononi mwa Furaha kama mtoto mchanga.

Papa alikipokea. Alikitazama pale kilipokatika, akapitisha kidole, na nikaona uso wake unabadilika. Kilikatika kwenye mstari wa meno, sawasawa kama karatasi inavyochanika pale ilipotobolewa.

Kesho yake alinibeba mgongoni mpaka kwenye kituo walikonitengenezea chuma kile, ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa na miguu yangu ilimgonga magotini njia nzima. Fundi wa kule tulimwita Papa Fidele, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa anafunga sanduku, anasafiri kwenda Beni kuhudumia watoto wa huko, na hakujua atarudi lini kwa sababu ya barabara. Aliushika ule ufito.

"Etau yako iko na meno?" akamuuliza Papa.

"Iko nayo."

"Chuma inavumilia. Alumini haivumilie, Papa. Pale jino limeingia, ufa unaanzia pale pale, pole pole, na mutoto anatembea juu yake kila siku. Hauko wewe peke yako, nilishaonaka nyingi hivi." Akafungua kabati, akatoa fito mbili mpya zilizokwisha kutobolewa. "Hizi ndizo za mwisho za urefu wake. Zingine sijui zitafika siku gani. Mimi naondoka, lakini wewe uko fundi, utazipinda zifuate mguu. Ila uvalishe zile taya kwanza. Zivalishe kitu laini, kitu ambacho kitabana na hakitauma."

"Kitu gani?"

"Kwetu tunayo ya kununua, imefungwa kwenye etau yetu na siwezi kuitoa. Tafuta. Jaribu kwanza na kile kipande kilichovunjika, usijaribu na hizi."

Tukarudi, mimi mgongoni na fito mbili mkononi mwangu zimefungwa kwenye gazeti. Papa alizitundika juu, penye picha ya Bikira Maria, mahali ambapo hata Mama haondoi vumbi bila kujipiga msalaba. Na ndipo zikaanza siku ambazo mpaka leo ndugu zangu na mimi tukikutana tunazisimulia kama watu wengine wanavyosimulia harusi.

Papa alianza na mti. Alikata mbao mbili za mkaratusi, akaziweka kila moja mbele ya taya, akabana kile kipande kilichovunjika. Alama haikuonekana. Tulipiga makofi. Lakini alipoanza kukipinda, ubao mmoja ukapasuka katikati na kipande kikaruka kikagonga bati. Akajaribu mpira wa tairi. Mpira haukuuma kitu, kweli, ila kila alipopiga nyundo kipande kilidunda kama kimekanyaga godoro, kikateleza, kikaangukia kuku. Kuku yule hakuingia tena karakanani maisha yake yote. Akajaribu ngozi ya mkanda mkuukuu, peke yake, na meno yakapenya ngozi na kuacha vidoti kwenye alumini, vidogo, lakini vipo.

Kila jirani alikuwa na wazo lake. Mmoja akaleta betri ya gari iliyokufa, akasema risasi iliyomo ndani ndiyo laini kuliko vyote, tuiyeyushe tumimine. Mama alikuwa anachambua mchicha wa lenga-lenga uani. Aliinuka na kisu mkononi.

"Ile sumu haitayeyuka hapa kwangu," alisema. "Mimi niko na mutoto mwenye mguu mmoja unagonjwa. Unataka nikuwe na watoto wenye vichwa vinagonjwa?"

Betri ikarudi ilikotoka.

Mimi wakati huo sikwenda shule. Nilikaa kwenye pipa langu, na Furaha alikuja kila mchana kunisomea aliyoandika darasani, kwa sauti ya mwalimu kabisa, hata kikohozi cha mwalimu. Papa alisikiliza akiwa anapiga tupa. Sikumwona akiwa na hasira. Nilimwona akiwa na woga, na hilo lilinisumbua zaidi, kwa sababu mtu yule alishika chuma chekundu kwa koleo kama mtu anayeshika kijiko. Aliitazama etau kama mbwa wa nyumbani aliyemuuma mtoto.

Jioni moja Mama aliingia karakanani na sufuria. Ilikuwa ile kubwa ya alumini aliyokuja nayo kutoka kwao alipoolewa, nene, nzito, iliyotoboka chini miaka mingi iliyopita. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuwa wamemwomba ile sufuria mpaka wamechoka, na kila mara aliwajibu kwamba atapanda kitunguu ndani yake.

"Baba Kahindo, kata hii."

Papa aliigeuza mikononi. "Mama Kahindo, hii ni ya mama yako."

"Mama yangu alinipa nipikie watoto. Iko na tundu, haipike tena. Na kitunguu sijapandaka, unajua vile sitapanda. Kata tu."

Aliikata kwa msumeno wa chuma, taratibu, ubavu wake, akapata vipande viwili vya upana wa taya na zaidi kidogo. Alumini ile ilikuwa ngumu, ukiikunja inapasuka pembeni. Hapo Papa alifanya jambo lililotushangaza: aliomba sabuni. Alipaka vipande vyote sabuni ya kufulia, akaviweka juu ya babula la Mama, jiko lake la makala, akatusogeza nyuma, akangoja. Sabuni iligeuka njano, kisha kahawia, kisha nyeusi. Ilipokuwa nyeusi tu aliviondoa, kwani weusi huo ndio ulimwambia moto umetosha. "Sasa imekubali," alisema. Na kweli, vilipopoa, vilikunjika kama mtu anavyokunja kola ya shati.

Alizipiga taya brashi ya waya kwanza, akitoa kila kipunje cha chuma kilichojificha katikati ya meno, kwa sababu kipunje kimoja kingetosha kuharibu kila kitu. Akaweka kipande kimoja juu ya kila taya, nusu ikilala juu na nusu ikishuka mbele, akagonga kwa nyundo ya mti mpaka kikakaa. Pembeni akakunja masikio madogo ya kushika, ili visianguke taya zikifunguliwa. Mwisho akachukua ngozi ya mkoba wangu wa zamani wa shule, sehemu iliyobaki nzima, akaibandika kwa kole, gundi ya viatu, upande unaotazama kazi. Akazifunga taya, ngozi kwa ngozi, zilale hivyo zikauke.

"Sasa iko na mashavu," Mama alisema. Jina likabaki. Hatukuwahi kuviita kitu kingine.

Asubuhi alijaribu na kile kipande kilichovunjika. Alibana, akapinda, akanyoosha, akapinda tena. Akakitoa, akaniletea pale kwenye pipa.

"Weka kidole. Unasikia nini?"

Nilipitisha kidole upande huu na upande ule. "Hakuna kitu, Papa."

"Sikiliza muzuri. Wewe ndiye utaivaa."

Nikafumba macho, nikapitisha tena polepole. "Iko laini. Kama kijiko."

Ndipo alipozishusha zile fito mpya kutoka kwa Bikira Maria. Alimwita Mama asimame mlangoni aombe, kitu ambacho hakuwahi kukiomba kwa kazi yoyote. Mama aliomba kwa Kinande, haraka haraka, jicho moja wazi. Papa alibana ufito wa kwanza, akaupinda kidogo, akautoa, akaja kuupima kwenye mguu wangu, akarudi, akapinda kidogo tena. Hakuharakisha. Alikuwa akiushika mguu wangu kwa mkono mmoja na ufito kwa mwingine, kana kwamba anasikiliza mfupa. Nilisikia njaa, nikaletewa bugali na maharage pale pale, nikala yeye akiendelea. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka nyuma ya nyumba. Alipofunga skurubu ya mwisho na mkanda wa mwisho, aliniinua chini ya makwapa akanisimamisha juu ya sakafu, na hakuniachia.

"Niachie, Papa," nilisema.

Aliniachia. Nilitembea mpaka kwa Mama. Nilirudi. Hakuna kilichobana, hakuna kilichocheza. Kile cha zamani kilikuwa kinanikwaruza kifundo cha mguu kila hatua na nilidhani ndivyo vyuma vilivyo, hiki hakikunikwaruza. Papa alikaa kwenye pipa langu, akafuta uso kwa mkono uliojaa masizi, akawa mweusi kama sisi tulipotoka mteremkoni, na Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Shuleni walinipokea kwa wimbo. Niliwaacha waimbe siku kadhaa kabla sijathubutu. Kisha nikasimama mbele ya Furaha, tukaruka, nikashukia mguu wa chuma na kutupa wa kushoto. Nilingoja ile sauti ya tak. Haikuja. Furaha alikuwa ametupa mguu usiofaa, kinywa wazi, na wasichana wote wakanirukia. Sikumzidi katika nzango, aliendelea kunishinda mara nyingi zaidi kuliko nilivyomshinda, lakini tangu siku ile ilimbidi afumbue macho.

Habari za mashavu zilienda zenyewe. Watu ambao hawakuwahi kuleta kwa Papa zaidi ya jembe walianza kuleta vitu vyenye haya: fremu ya miwani, bomba la shaba la tarumbeta ya parokia, mguu wa mashine ya kushona wa mama mmoja wa Kiwanja aliyekuja na pikipiki ameushika kifuani. Ngozi ilipokwisha alibandika nyingine. Sufuria iliyobaki ilitoa mashavu mengine, na Papa Fidele aliporudi kutoka Beni alikuja kuyaona kwa macho yake, akala kwetu, na tangu hapo wakawa wanatumiana kazi na wagonjwa mpaka uzee. Papa sasa yuko Butembo kwa dada yangu mkubwa, anafuga sungura na kubishana na redio. Karakana ni ya ndugu yangu Kasereka.

Juzi nilipita kwake. Ana etau mpya, na mashavu yake ni ya plastiki nyekundu yenye sumaku. Unayarusha tu yanang'ang'ania yenyewe, tap, tap. Binti anayejifunza kazi kwake aliyaagiza kwa simu. Alinionyesha video nzima ya mtu wa mbali akieleza namna ya kuchagua, shaba kwa kazi hii, mpira mgumu kwa kazi ile, na mtu huyo anazungumza haraka kama anafukuzwa. Nilimuuliza binti kama anajua ile ya sabuni. Hakuijua. Nilimweleza, na kwa haki yake aliweka simu chini, akatafuta bati la alumini na sabuni, akajaribu hapo hapo, akaunguza kidole, akacheka, akajaribu tena mpaka likakunjika. Vijana hawa tunawasema sana, lakini mikono wanayo. Inabidi tu uikute simu iko chini.

Chuma changu cha sasa kilitengenezwa Kigali. Ni chepesi mno, rangi ya ngozi, chini ya suruali huwezi kukiona, na ninasimama nacho darasani kutwa nzima mbele ya wanafunzi wangu bila kuchoka. Nisingekibadilisha na kile cha zamani, tusidanganyane. Siku zetu zilikuwa na njaa na zilikuwa na mengine ambayo nimeyaruka hapa kwa makusudi. Ila zama zile ukipeleka kitu kwa fundi uliambiwa, kaa hapo. Ukakaa. Ukamwona anakosea, anakuna kichwa, anaanza tena, ukala chakula chake, ukajua kilichokuwa ndani ya kitu chako. Leo wanakuambia, acha hapo Mama, tutakupigia. Naacha, nawashukuru, wanafanya kazi nzuri na simu inalia kweli. Natoka kwa Kasereka, napanda mteremko wa kanisa kwa miguu yangu miwili, watoto wakinipita mbio huku na huku, na ninatembea mwendo mzuri tu. Lakini ningependa, mara moja moja, mtu aniambie nikae.